Mbona mvinyo wa safari hii una ladha tofauti?

Swali hili hutufikia kila tunapotoa chupa mpya, na anayeuliza mara nyingi ni mteja wa zamani: "Ule wa mwanzo ulikuwa laini, huu mbona mkali?" Kiwandani hatujabadilisha kitu. Kilichobadilika ni msimu, maana Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, hivyo mavuno ni mara moja tu. Huku kwetu hakuna baridi ya kuulaza, na anayeuamsha ni mkulima na mkasi wake. Ukishapogoa, baada ya takribani miezi minne unavuna. Shamba lililopogolewa Oktoba au Novemba huvunwa Februari na Machi, mvua ikiwa bado ipo. Lililopogolewa Aprili au Mei huvunwa Agosti na Septemba, wakati wa ukavu, jua la kutosha na usiku wa ubaridi.

Mavuno ya mvua ndiyo yanayotunyima usingizi. Mzizi ukinywa sana punje huvimba na sukari yake huzimuliwa. Zikibanana kwenye kichala hupasuka, na iliyopasuka moja inatosha kualika ukungu na nyuki. Ubwiri, ugonjwa wa ukungu wa mizabibu, nao hupenda unyevu huo huo. Mkulima akiona wingu anataka kuvuna leo leo, na ana haki yake: anauza kwa kilo, na kichala kilichooza hakipandi mzani. Sisi tunamwomba siku chache zaidi ili sukari ipande. Mazungumzo hayo hufanyika katikati ya mizabibu, kwa heshima zote, huku kila mmoja akiibia jicho juu.

Anayetuamua ni kipimo. Tunakamulia tone la zabibu kwenye kioo cha refraktomita, kifaa cha kupimia sukari, na kuchungulia kwenye mwanga. Ikisoma nyuzi 22 za Brix (kipimo cha sukari kwenye maji ya zabibu), tunategemea mvinyo wenye kilevi cha asilimia 12 hadi 13. Ikigota 18, ni kama asilimia 10. Hata hivyo namba haitoshi, kwa hiyo tunatafuna na mbegu. Ikiwa bado ya kijani na inaacha ukakasi ulimini, tunasubiri hata kama sukari imefika. Iliyoiva huwa ya kahawia na hukatika menoni kama karanga ya kukaanga.

Kuvuna kwenyewe huanza alfajiri. Zabibu iliyokatwa jua la saa saba huanza kuchachuka ikiwa bado njiani. Tunataka kreti, si magunia, kwa sababu kwenye gunia za chini hufika zimeshakuwa uji. Zabibu nyekundu, hasa aina iitwayo Makutupora, huchachuka pamoja na maganda yake, nayo hewa inayotokana na kuchachuka huyasukuma juu. Lazima yazamishwe mara kadhaa kwa siku, usiku pia, la sivyo yatakauka na kuelekea kuwa siki. Wiki hizo simu zetu hupokelewa kwa shida, mtusamehe.

Sasa ule "ukali". Mvinyo wetu wote ni mkavu: hamira hula sukari karibu yote, iwe Machi au Septemba. Unachokisikia kwenye chupa ya Machi ni asidi iliyobaki kwenye zabibu ambayo haikupata jua la kutosha, na kilevi kidogo cha kuifunika. Tungeweza kuongeza sukari ya dukani kabla ya kuchachusha. Si sumu, na hata Ufaransa kuna maeneo yanayoruhusiwa kufanya hivyo. Sisi hatufanyi. Tunaona ni kumficha mteja hali ya shamba.

Tazama lebo ya nyuma, mwezi wa mavuno umeandikwa. Chupa ya Machi ipoze vizuri, uinywe na samaki au kuku wa ndimu. Ya Septemba inafaa mbuzi wa kuchoma, na usiiache juu ya friji wala dirishani. Joto huiharibu upesi. Ukikuta chembe zinazong'aa chini ya chupa, si vipande vya kioo, ni asidi ya zabibu iliyoganda kwa ubaridi. Mimina taratibu zibaki chini.

Wenye harusi na sherehe, agizeni chupa zote kwa mkupuo mmoja na mtutajie msimu mnaoutaka. Ukichukua nusu leo na nusu baada ya miezi mitatu, hatuwezi kukuahidi kwamba zitafanana.