Kuchoma paipu peke yake si ufundi bomba

Mhariri,

Kisauni, Likoni na Changamwe, kijana akishamsaidia fundi miezi mitatu na kujua kuchoma paipu za plastiki za PPR, yaani kuziyeyusha kwa mashine ya moto ili ziungane, huitwa fundi bomba na kukabidhiwa nyumba nzima. Tunaomba nafasi gazetini mwako tuseme kwamba hapo kijana ameonewa, na mwenye nyumba pia. Kuchoma ndiyo sehemu fupi ya kazi hii. Sehemu ndefu ni maji taka, na mjengoni hakuna anayeifundisha.

Hata kuchoma kwenyewe kuna vipimo vyake. Mashine ifike nyuzi 260 za selsiasi. Paipu ya milimita 20 hukaa kwenye moto sekunde 5, ya 25 sekunde 7, ya 32 sekunde 8, kisha husukumwa ndani ya fitingi (kipande cha kuungia) moja kwa moja, bila kuzungushwa, na kushikiliwa mpaka igande. Ukizidisha sekunde, plastiki hujikunja kwa ndani na kubana njia ya maji. Shawa itakosa nguvu na hakuna atakayejua kwa nini. Ukipunguza, kiungo kitapendeza macho lakini hakijashikana, na baada ya miezi kitaanza kutoa jasho ndani ya ukuta uliokwisha kuwekwa taili. Ukifanya kazi juu ya paa wakati wa kusi, kinga mashine na upepo, kwani hupoa bila wewe kujua.

Ndiyo sababu presha hupimwa kabla ya plasta. Funga ncha zote, jaza maji, toa hewa kupitia sehemu ya juu kabisa, halafu pampu mpaka mara moja na nusu ya presha ya matumizi. PPR hutanuka kidogo inaposhindiliwa, kwa hiyo sindano ya geji, kipimo cha presha, itashuka mwanzoni. Ongeza tena, ndipo uanze kuhesabu saa. Tunasikitika kuona mwanagenzi anamaliza mwaka mzima hajawahi kushika geji.

Sasa maji taka. Beseni la kunawia hutoka na paipu ya milimita 32, sinki la jikoni 40, choo 110. Paipu ya choo kwa kawaida hushushwa sentimita 2.5 kwa kila mita. Kwa hiyo kutoka chooni hadi menholi iliyo mita 8 mbele, unahitaji tofauti ya sentimita 20, na hesabu hiyo hufanywa kabla ya zege la sakafu kumwagwa. Fundi asiyeijua huanza kuchimba kwa macho, akifika menholi anakuta ameishiwa na kina, basi anailaza paipu ya mwisho karibu sawa na ardhi. Uchafu unakaa hapo hapo. Kila baada ya wiki chache anaitwa kuzibua, na yeye huyo huyo analipwa tena kwa kosa lake.

Kosa la pili hufichika zaidi. Chini ya kila beseni na kila choo pana trapu, kona inayobakisha maji ili harufu isirudi ndani. Maji hayo yanatakiwa yawe na kina cha milimita 75 kwenye sinki na beseni, na 50 kwenye choo. Choo cha ghorofa ya juu kinapovutwa, maji yanayoshuka huburuta hewa iliyo nyuma yake, na kama hakuna bomba la kupumulia lililopanda mpaka juu ya paa, hewa hiyo hufyonzwa kupitia trapu za vyumba vingine, zikabaki tupu. Nyumba inanuka. Mwenyewe anamwaga dawa, anabadilisha choo, anamlaumu mpangaji, na kumbe dawa yake ni paipu moja ya kupumulia. (Bafu la wageni likinuka wakati wa joto la kaskazi, huenda ni maji ya trapu tu yamekauka kwa kutotumiwa. Mimina kopo la maji kabla ya kuita fundi.)

Tena sisi tunaishi juu ya mwamba wa matumbawe. Maji taka yakiingia kwenye shimo la kunyonya, hayachujwi polepole kama yanavyochujwa na udongo. Hupenya kwenye nyufa za mwamba na yanaweza kufika kisimani yakiwa na uchafu wake. Kijana anayefundishwa Mombasa lazima ajifunze kuuliza visima viko wapi, vya jirani pia, kabla jembe halijagusa ardhi.

Ajifunze vilevile namna maji ya mji huu yanavyokuja. Maji ya vyanzo vyetu vya Mzima, Baricho na Marere hayatutoshi, tunayapata kwa zamu, hivyo karibu kila jengo lina tangi la chini, pampu na tangi la juu. Tangi la lita 1,000 likijaa, maji pekee ni tani moja; liwekwe juu ya ukuta au boriti, lisiwekwe katikati ya slabu. Kila mita ya kimo hutoa takriban baa 0.1 ya presha, kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya shawa litatoa baa 0.3 tu. Pampu iwekewe boya la kuizima tangi la chini linapokauka, kwa sababu maji yayo hayo ndiyo yanayopoza sili yake, kizibo kinachozuia isivuje. Na isiunganishwe kamwe moja kwa moja na laini ya mtaa: ikivuta bomba lisilo na maji ya kutosha, hufyonza uchafu kupitia kila palipovuja. Maji ya kisima chenye chumvi nayo hula paipu za GI (za chuma kilichopakwa zinki) kuanzia kwenye uzi, yaani mikato ya kufungia, pale chuma kilipopungua unene.

Njia za kupata cheti zipo. Kijana anaweza kuingia chuo cha ufundi, vikiwemo vya kaunti, au akabaki na fundi wake na kufanya mitihani ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, akianza gredi ya 3 na kupanda hadi ya 1, nadharia na vitendo. Aliyefanya kazi miaka mingi bila karatasi aulizie utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Sisi tunapendelea achanganye: chuo kimpe kusoma ramani na hesabu, mjengo umpe mkono. Wazazi nao waache kuwaleta kwetu watoto kwa sababu tu wameanguka hesabu. Hesabu ndiyo tunayoitumia kutwa. Kwa zana, aanze na spana mbili za bomba (moja ya kushikilia, moja ya kuzungusha), futi, msumeno na pima maji (kifaa cha kupimia usawa). Mashine ya kuchoma inaweza kungoja.

Kwa mafundi wenzetu: mwekeeni mwanagenzi daftari, muandike kila wiki amefanya nini. Msimpeleke kwenye mtihani wa gredi kabla hajalaza yeye mwenyewe laini moja ya maji taka, akaziba ncha ya chini, akaijaza maji na kuangalia kama kimo kinashuka. Na vyuo tunaviomba vitenge bafu moja lililofungwa vibaya makusudi, lenye mteremko uliolala na trapu isiyo na bomba la kupumulia, mwanafunzi aingizwe humo na pima maji na ndoo ya maji, na asipewe alama mpaka ataje kosa liko wapi na alirekebishe.

Mafundi bomba,
Kisauni, Mombasa