Mada ya Jumamosi: Le Chambon-sur-Lignon

Habari zenu ndugu. Jumamosi saa mbili usiku tutazungumzia Le Chambon-sur-Lignon, kijiji cha milimani Ufaransa kilichoficha familia za Kiyahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mchungaji wa kijiji hicho, André Trocmé, na mkewe Magda, walioongoza kazi hiyo, tunawajua. Mimi natamani tukae zaidi na wakulima, waliopokea wageni majumbani mwao huku wakijua adhabu yake. Watoto walisoma shuleni na wenyeji, msako ukija wanakimbilia msituni. Si wote walipona. Juni 1943 Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walivamia bweni, wakamkamata Daniel Trocmé, binamu wa mchungaji, pamoja na wanafunzi wake. Daniel alifia Majdanek, kambi ya mateso ya Wanazi, mwaka 1944. Walimu, tafadhali leteni maswali ya wanafunzi wenu. Kiungo nitakituma Ijumaa.