Shem, ile kauli ya msibani bado haijanishuka

Shem,

Dada anasema nikupigie tu yaishe. Nimeshindwa, acha niandike hapa. Mzee alipolazwa ulikesha naye kuliko hata sisi aliotuzaa, hilo sitalisahau, na ndo maana ile kauli imeniuma hivi.

Umeshika sahani ya ndizi, mchuzi unakuchuruzika mpaka kwenye saa, kaburi bado bichi, wazee wa ukoo wote wako chini ya turubai, unamsema mzee, eti kwa vile alikuwa askari wa Tanzania kwenu Uganda, "huyu naye alikuja kututawala kwa mtutu, Amin kaondoka wao wakabaki, wakatuletea Obote." Msibani shem! Kwa mkweo! Mama anasikia!

Hivi nani alivuka kwanza? Oktoba 1978 Amin kaingia kwetu Kagera, katangaza mpaka Mto Kagera ni kwake, watu wakauawa, ng'ombe wakaswagwa. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, sasa ulitaka askari wetu waondoke kesho yake, polisi hakuna, maduka yanaporwa mchana kweupe? Serikali mliipanga wenyewe pale Moshi mwezi wa 3, mkamweka Lule awe rais, mkamtoa baada ya siku 68, akaja Binaisa, naye Mei 1980 akang'olewa na Tume ya Kijeshi ya Muwanga. Sawa, watu waliandamana Kampala wakimtaka Lule na askari wetu wakawatawanya, na Nyerere na Obote, rais wenu aliyepinduliwa na Amin akaja kurudi madarakani, walikuwa marafiki, sibishi. Ila mzee alikuwa askari wa kawaida tu, kazi yake kizuizi cha barabara ya Jinja! Aliniambia kilichomsumbua kule ni kwamba akiwasalimia watu kwa Kiswahili wanatetemeka, maana ndo lugha waliyokuwa wanaporwa nayo na askari wa Amin, ikabidi ajifunze salamu za Kiganda kwa muuza mihogo. Mtu wa hivyo ndo alikuja kuwatawala?

Nakushauri kama mdogo wako, ukitaka kulaumu laumu waliokaa mezani. Na sisi tulilipa, Mwalimu alisema tufunge mkanda miezi 18, ikawa miaka, foleni ya sukari, foleni ya sabuni, na mama anatulea peke yake mumewe yuko kwenu analinda watu asiowajua. Mbona hilo hukulisema?

Desemba mje, chumba chenu kipo na watoto wanawauliza kila siku. Ila ile kauli utaifuta mbele ya wazee walewale, na mama awepo.