Picha za vitu vya nyumbani zipewe nafasi

Ndugu Mhariri,

Naomba ukurasa wenu wa picha, ambao aghalabu hujaa mikutano na viongozi, utenge nafasi kwa picha za vitu vya kawaida vinavyopangwa na kupigwa nyumbani, kwa kuwa sanaa hii haihitaji studio wala taa za gharama kubwa. Chungu cheusi cha udongo kikiwekwa kando ya bilauri ya kioo juu ya mkeka wa ukindu, na mwanga ukaingia kwa dirisha la ubavuni, ukavu wa udongo na mng'ao wa kioo hudhihirishana kwa namna ambayo kimoja peke yake kisingeweza. Jua la Dar es Salaam saa sita mchana huwa kali mno. Mwanga wa asubuhi uliochujwa na pazia jeupe, kwa maoni yangu, hauna mfano. Wapigaji wakumbuke pia kwamba kamera hukadiria mwanga kana kwamba kila kitu ni cha kijivu, hivyo chungu cheusi hutoka kimepauka hadi mwanga upunguzwe kwa makusudi, ilhali karatasi nyeupe ikisimamishwa upande wa kivuli hurudisha mikwaruzo iliyozama gizani. Simu nyingi za vijana wetu zinamudu kazi hiyo, nao wanastahili kuiona imechapishwa.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam