Barua ya wazi kwa vijana wapigaji wa besiboli, Dar es Salaam

Wanangu,

Salaam nyingi kutoka huku Marekani. Nimetazama video za mechi zenu pale Shule ya Sekondari Azania, kwenye uwanja uliojengwa kwa urafiki na Wajapani. Mnakimbia vizuri, mnadaka vizuri. Ila mkishika gongo mnakuwa na pupa.

Mpigaji anataka kupiga kila kinachokuja, na mrushaji anaujua huo uchu. Ndio riziki yake. Anakuletea mpira mtamu kwa macho, ukikaribia unazama, nawe umeshajizungusha. Ted Williams wa timu ya Boston, wengi wetu tunamwita bingwa wa kupiga kuliko wote, alikuwa mgumu kurushwa roho namna hiyo. Alisubiri mpira wake, na warushaji walipomrushia mipira minne nje ya eneo la kupigia alitembea bure hadi kituo cha kwanza, zaidi ya mara 2,000. Ukijumlisha na mipigo yake, alifika kituoni karibu nusu ya mara zote alizosimama kupiga.

Sasa mtaniuliza, utachaguaje na mpira wa kilomita 150 kwa saa unakufikia chini ya nusu sekunde? Unachagua mapema. Mtazame mrushaji usawa wa ukingo wa kofia, halafu hamisha macho kwenye kiganja mkono unapopita hapo. Kisha tazama mishono ya mpira. Slaida nzuri, yaani mpira unaokwepa kando dakika ya mwisho, ikizunguka, ile mishono myekundu hujikusanya ikawa kama nukta moja ndogo. Ukiiona nukta, jua mpira huo utahama.

Mazoezini, simama kwenye sahani, yaani kile kibao cha mpigaji, gongo likiwa begani na usilizungushe kabisa. Kila mpira, kabla haujagonga glavu ya mdakaji, sema kwa sauti: “Wangu!” au “Si wangu!” Wenzako watacheka. Waache wacheke, zamu yao inakuja.

Kuhusu vifaa, najua magongo ni machache na mipira ni ghali. Hank Aaron, aliyepiga homurani 755 (mipigo inayomzungusha mpigaji vituo vyote, kwa kawaida mpira ukivuka uzio), utotoni kule Mobile, Alabama, alikuwa akipiga vizibo vya chupa kwa fimbo. Watoto wa Jamhuri ya Dominika wanacheza hivyo hadi leo, mpini wa ufagio na kifuniko cha dumu la maji. Kifuniko hupinda kinavyotaka, ukiweza kukigonga, mpira utauona mkubwa.

Na michezo hiyo ya uani haina refa wala kocha wa kufoka (makocha wenzangu mtanisamehe). Hapo ndipo mtu anapoupenda mchezo, anapopiga mpaka giza linaingia na hakuna anayejua nani kashinda. Ukiona wiki nzima umekwenda mazoezini kwa kuogopa kufokewa tu, chukua ufagio, ita wawili watatu, mcheze.

Ufagio wenyewe ombeni kwanza kwa mama.

Mzee wenu