Rehema, hayo makofi yaache

Rehema mwenzangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, na Zuhura bado hajabadilika, hayo tutayaongea siku nyingine. Nakimbilia la mwanao Amina na mashine zake za kusikia, maana ile sentensi yako kwamba "mashine zinafanya kazi, nikipiga makofi anageuka" haijanitoka kichwani.

Makofi hayakwambii lolote. Kofi lina sauti nene na nyembamba kwa pamoja, tena ni kubwa. Mtoto ataligeukia huku nusu ya maneno yanampita. Mpime kwa sauti za maneno yenyewe. Daniel Ling, mtaalamu wa kufundisha watoto viziwi kusema, alitushikisha hizi sita: m, u, a, i, sh, s. Mwanzoni zilikuwa tano, m ikaja baadaye. Zinapita masafa ya usemi, yaani unene na wembamba wa sauti unaopimwa kwa hezi, toka chini hadi juu: m iko karibu na hezi 250, s nguvu yake kubwa iko juu ya 4,000. Zote ni za Kiswahili, kwa hiyo huna la kujifunza.

Fanya asubuhi, nyumba ikiwa kimya. Sikio moja kwanza, mashine ya pili imezimwa; halafu la pili; halafu yote mawili. Simama mita moja, nyuma kidogo, upande wa sikio unalolipima, asiuone mdomo. Kiganja usikiweke mdomoni! Kinameza s na sh, na hizo ndizo unazozitafuta. Sauti iwe ya maongezi ya kawaida. S ni ndogo kwa asili, iache ndogo, na iwe s tupu: ukisema "sa" atadaka ile a na wewe utafurahi bure. Urefu wa sauti zote uwe sawa, maana wengi huivuta m na kuikata s, mtoto akabahatisha kwa urefu. Changanya mpangilio kila siku, na kimya cha katikati kiwe mara sekunde mbili, mara kumi. Kwa umri wake atumbukize kitufe bakulini kila akisikia. Akizoea, airudie sauti yenyewe.

Hapo kwenye kurudia ndipo penye utamu, kwa sababu jibu la kosa linasema kuliko la sawa. Ukisema i akajibu u, ujue zote mbili zina sehemu ya chini karibu na hezi 300, ila ile ya juu ya i, kwenye elfu mbili na kitu, haimfikii. Akikosa m na u, tazama kama plastiki ya sikioni imelegea, sauti nene huvujia hapo. Zikipotea zote, betri. (Zile za kubandua karatasi ziache zipate hewa dakika chache kabla hujafunga kijumba.) Akiwa na mafua na zote zimefifia, huenda kuna majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, hilo ni la daktari.

Na s. Ikipotea peke yake usikimbilie kusema mashine mbovu. Angalia nta kwenye tundu la plastiki, matone ya maji ndani ya mrija, vumbi kwenye maikrofoni. Kukiwa safi, sogea karibu: akiipata kwa nusu mita na kuikosa kwa mita moja, hilo ni la kurekebishiwa kwenye kompyuta. Akiichanganya na sh, uliza kama mashine imewekewa mpango wa kushusha masafa ya juu. Ukizidi, hizo mbili hufanana.

Andika kwenye daftari hivi: "s, kushoto, mita moja, hakuna." Mtaalamu wa usikivu atalifanyia kazi hilo kuliko "hasikii vizuri". Akizipata zote kwa mita moja, nenda mbili, kisha tatu. Kipimo cha kliniki kinabaki palepale, na kupata sita nyumbani si kusikia darasani penye kelele, usije ukamwambia mwalimu wake vinginevyo.

Sasa nijibu. Plastiki zake zilibadilishwa lini? Watoto hukua, zinabana au zinalegea. Mashine inapiga mluzi ukimkumbatia? Ni sikio lipi analolipendelea kwenye simu? Mrija wa kusikilizia mashine walikupa, ule wa mfano wa kipimo cha daktari? Na huyo Baba Amina, anajua kubadilisha betri au bado anakungoja wewe?

Wako,
Mwanaidi