Basenji: Dai cheti cha wazazi kabla ya kulipa

Mhariri,

Wauzaji wa basenji hupenda kumwita mbwa wa Mafarao asiyebweka. Hayo ya Farao ni maneno ya sokoni. Makaburi ya Misri yana michoro ya mbwa wenye masikio wima na mkia uliojikunja, lakini mchoro si hati ya nasaba. Basenji tunayemjua ametoka misitu ya Kongo. Huko Ituri wawindaji humtumia kukurupusha mindi waingie wavuni, na kwa kuwa habweki kama mbwa wengine, humfunga njuga ya mti shingoni wajue alipo. Bubu lakini si bubu: ana mlio wa kupanda na kushuka, na akikasirika hupiga ukelele hasa.

Waliopelekwa Uingereza 1895 walikufa kwa distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Mbegu ilishika miaka ya 1930, mfugaji Mwingereza Olivia Burn alipowaonyesha London mwaka 1937, na Marekani ikafuata 1941. Wote hao walitokana na mbwa wachache mno, na hapo ndipo balaa la Fanconi, ugonjwa wa figo wa kurithi, lilipopata njia. Figo hushindwa kurudisha sukari, chumvi na protini kwenye damu, vyote vikavujia kwenye mkojo. Kiu kali, kukojoa ovyo na kukonda huanza kati ya miaka 4 na 8, wakati mbwa ameshazaa. Wengine hudhani ni kisukari wakamdunga insulini. Ni hatari, maana sukari ya damu yake iko sawa. Iliyozidi ni ya mkojo tu.

Kwa hiyo kuanzia miaka 3, pima mkojo kila mwezi kwa vile vijiti vya sukari vya famasi. Ukikuta sukari, daktari wa mifugo apime na damu kabla ya dawa yoyote.

Ili kupanua ukoo huo mwembamba, Wamarekani walifuata damu mpya Zaire (sasa Kongo) 1987 na 1988, na daftari lao la ukoo likafunguliwa 1990 kuwapokea mbwa hao. Walirudi kulekule kijijini!

Mnunuzi adai cheti cha kipimo cha DNA cha Fanconi cha wazazi wote wawili. Vyeti vya kabla ya 2011 vilikisia kwa alama iliyo jirani na jeni, hivyo kipimo kirudiwe. Mzazi mmoja akiwa safi, yaani hana jeni ya ugonjwa, hakuna mtoto atakayeugua. Wabebaji wawili, yaani wenye nakala moja ya jeni hiyo bila kuugua, wakipandishwa, kila mtoto ana uwezekano wa robo kuugua.

Mfugaji, Arusha